Siku Hamsini na Moja za U-852

Leo twende baharini, kwenye Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nikusimulie habari za nyambizi moja ya Kijerumani iliyoitwa U-852. Uhai wake vitani haukuwa mrefu. Iling'oa nanga Kiel tarehe 18 Januari 1944, na mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo ilikuwa imekwama kwenye pwani ya Somalia, imevunjika, na mabaharia wake wako mikononi mwa Waingereza. Katika miezi hiyo mitatu na nusu ilizamisha meli mbili tu. Zipo nyambizi za Kijerumani zilizozamisha meli ishirini na zaidi, na manahodha wake wakazeeka wakalea wajukuu. Nahodha wa hii ya meli mbili alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama. Hakuhukumiwa kwa kuzamisha meli. Alihukumiwa kwa yale aliyoyafanya baada ya meli kuzama.

Kwanza tuitazame nyambizi yenyewe. Iliundwa Bremen, ikashushwa majini Januari 1943, na ikaanza kazi rasmi mwezi Juni mwaka huo. Ilikuwa ya aina kubwa iliyoundwa kwa safari za mbali: urefu wake ulipita mita 87, ilibeba topido 24, na matangi yake yaliiwezesha kusafiri zaidi ya maili 23,000 za bahari. Kwa lugha nyepesi, ingeweza kutoka Ujerumani, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikafika Mombasa, kisha ikarudi kwao bila kuongeza mafuta. Ndani yake walikaa watu 66. Ilibeba hata chombo cha kurusha mlinzi angani, mfano wa kishada chenye mapanga ya helikopta lakini kisicho na injini. Nyambizi ikienda kasi juu ya maji huku ikikivuta kwa kamba, upepo unakiinua pamoja na mtu mmoja aliyekaa juu yake, naye anaona mbali kuliko macho ya walioko chini.

Ukubwa huo ulikuwa na hasara yake. Nyambizi kubwa huchelewa kuzama, na mwaka 1944 kuchelewa kuzama kulikuwa ndiko kufa. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Mei peke yake, Wajerumani walipoteza nyambizi 41. Ndege za masafa marefu na rada zilikuwa zimegeuza mambo, na mwindaji sasa ndiye aliyewindwa. Ndiyo maana mkuu wa jeshi lao la majini, Karl Dönitz, alikuwa akituma baadhi ya nyambizi zake kubwa Bahari ya Hindi, ambako Wajapani walikuwa wamewapa Wajerumani kituo Penang, huko Malaya, na ambako ulinzi wa misafara ya meli ulikuwa bado dhaifu.

Nahodha wa U-852 aliitwa Heinz-Wilhelm Eck. Alikuwa na umri wa miaka 27, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita akiwa mkuu wa nyambizi. Kabla hajaondoka aliitwa na afisa mzoefu, Adalbert Schnee, akapewa nasaha. Schnee alimweleza bila kumficha kwamba nyambizi za aina yake zilizomtangulia zilikuwa zimepotea, na kwamba eneo la hatari zaidi lilikuwa Atlantiki ya kusini, kati ya Freetown na kisiwa cha Ascension, kilichokuwa na uwanja wa ndege wa Wamarekani. Alimwonya pia kwamba mabaki ya meli yanayoelea huweza kuonekana na rubani, na rubani akishayaona anajua nyambizi haiko mbali. Maneno hayo Eck aliyabeba moyoni. Miezi miwili baadaye yalimtoka kwa namna ambayo Schnee mwenyewe hakuitarajia.

Alasiri ya tarehe 13 Machi, katika eneo hilohilo aliloonywa, walinzi wa U-852 waliona meli ya mizigo ya Kigiriki. Iliitwa Peleus. Ilikuwa imetoka Freetown siku tano kabla, inaelekea Amerika ya Kusini, na mabaharia wake walikuwa mchanganyiko wa mataifa kama ilivyo desturi ya meli za biashara: Wagiriki wengi, Waingereza, Wachina, Wamisri na wengineo. Nyambizi iliifuata mpaka giza lilipoingia, ikafyatua topido mbili, zote zikapata. Peleus ikazama katika muda wa dakika chache. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua. Waliosalimika waliogelea gizani wakaparamia vyelezo na kushika chochote kilichoelea.

Mpaka hapo, msikilizaji, Eck hakuwa amefanya lolote ambalo manahodha wengine wa pande zote hawakulifanya. Nyambizi ilivisogelea vyelezo. Afisa wa tatu wa Peleus na baharia mwingine wakahojiwa: meli yenu jina lake nani, mmetoka wapi, mnakwenda wapi. Wakajibu, wakarudishwa kwenye chelezo chao. Nyambizi ikaondoka, ikasimama mbali kidogo.

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Eck aliwaeleza maafisa wake kwamba lazima mabaki yote yafutwe, vyelezo vikiwemo, ili asubuhi ndege isione kitu. Wawili walimpinga: afisa wake wa kwanza, na mkuu wa mitambo, Hans Lenz. Hakuwasikiliza. Nyambizi ikageuza, ikarudi kwa wale watu ambao punde tu ilizungumza nao. Bunduki za rashasha zikapandishwa sitahani. Taa ikawashwa kumulika vyelezo, na risasi zikaanza.

Vyelezo vile havikuzama, kwa kuwa viliundwa mahususi visizame. Wakajaribu kuvigonga kwa omo la nyambizi, wakatupa mabomu ya mkono, wakarudi tena na bunduki. Shughuli hiyo iliendelea kwa takriban saa tano, mpaka usiku mkubwa. Afisa kijana August Hoffmann alipiga risasi na kutupa mabomu. Aliyeshika bunduki pia alikuwa Walter Weisspfennig, na kazi ya Weisspfennig ndani ya nyambizi ile ilikuwa udaktari. Hata Lenz, yule aliyepinga, naye aliingia. Alimwona baharia mmoja aliyeitwa Schwender akitaka kufyatua, akamnyang'anya bunduki, akapiga yeye mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba hakutaka yule afisa wa Kigiriki waliyemhoji auawe kwa mkono wa askari asiyefaa kama Schwender. Tafakari maelezo hayo. Mtu alijua kitendo ni kibaya, akasema ni kibaya, kisha akakifanya, na kilichomshughulisha wakati huo ni nani anastahili kukifanya.

Chini, ndani ya nyambizi, mabaharia waliosikia milio ya risasi hawakufurahi. Eck alilijua hilo. Alichukua kipaza sauti akawaambia kwamba uamuzi ule ulikuwa mzito kwake pia, lakini wakizidiwa na huruma wawakumbuke wake na watoto wao wanaokufa nyumbani kwa mabomu ya ndege za adui. Hoja hiyo mpaka leo haijazeeka. Ukiifungua redio hii hii kusikiliza taarifa ya habari, utaisikia kwa lugha nyingine na kwa vita vingine: wao wametuulia wetu, basi na wao wasionewe huruma.

Pamoja na saa tano za risasi, kazi haikukamilika. Afisa mkuu wa Peleus, Antonios Liossis, alijificha chini ya benchi la chelezo, vipande vya bomu vikamjeruhi mgongoni, lakini hakufa. Baharia Dimitrios Argiros naye alinusurika, na Rocco Said, aliyekuwa mchochea moto kwenye injini. Yule afisa wa tatu aliyehojiwa alikuwa amejeruhiwa mkono. Alivumilia siku 25 baharini, akafariki. Waliobaki wakawa watatu. Tarehe 20 Aprili meli ya Kireno, Alexandre Silva, iliwaona ikawaokota, ikawashusha Lobito, Angola. Walikuwa wameelea siku 38.

U-852 ilikuwa imekwisha kwenda zake. Tarehe mosi Aprili, karibu na Cape Town, ilizamisha meli ya Kiingereza iliyoitwa Dahomian. Safari hii Eck aliondoka mara moja, na karibu mabaharia wote wa meli ile waliokolewa. Kumbe iliwezekana. Kisha nyambizi ikapinda Rasi ya Tumaini Jema, ikapandisha na Bahari ya Hindi mpaka Pembe ya Afrika.

Huku kwetu nako palikuwa na watu wanaoisubiri, ingawa hawakuijua kwa jina. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuipiga Ceylon, Waingereza walikuwa wamehamishia Kilindini manowari zao za bahari hii. Na mwezi Septemba 1943, pale Port Reitz, Mombasa, mahali ambapo leo ndege za abiria zinatua katika uwanja wa Moi, kiliundwa kikosi cha ndege namba 621, chenye ndege za Wellington za kuwinda nyambizi. Kikosi hicho kilihamishiwa Aden baadaye. Tarehe 2 Mei 1944 ndege yake moja ilipokuwa doria iliiona U-852 juu ya maji. Nyambizi ikajaribu kuzama. Ikachelewa, kama ilivyo kawaida ya nyambizi kubwa. Mabomu ya majini yakaipata, betri zikaharibika zikaanza kutoa gesi ya sumu, ikabidi iibuke. Kwa saa nyingi ndege zilipokezana juu yake huku ikijikokota kuelekea nchi kavu. Tarehe 3 Mei ikakwama pwani ya Bandarbeyla, kusini ya Ras Hafun. Saba walikuwa wamekufa. Waliosalia 59 walifika nchi kavu, wakakamatwa na askari wa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland wakisaidiana na wanamaji wa Kiingereza.

Angalia, msikilizaji: Wajerumani 59 wametoka majini wamelowa, hawana silaha za maana, wamezungukwa na watu waliokuwa wakiwapiga mabomu tangu jana. Waliowakamata hawakuwafyatulia risasi. Walipewa haki ileile ambayo wao waliwanyima mabaharia wa Peleus.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Siku za Eck zilikuwa 51, ukihesabu tangu usiku ule wa Machi. Alifanya yote yale ili asiache alama, na bado aliacha alama mbili. Ya kwanza ni wale watu watatu waliofika Lobito. Ya pili ilikuwa ndani ya chombo chake mwenyewe. Alitega baruti kuilipua nyambizi, lakini batli yake, lile daftari la safari, haikuteketea. Waingereza waliipata, na ndani yake imeandikwa tarehe 13 Machi, mahali, na meli iliyozamishwa. Maneno ya walionusurika na maandishi ya nahodha yalipowekwa pamoja, hapakuwa na la kubishania. Eck alipata siku nyingi za kuitupa batli ile baharini, na hakuitupa.

Kesi ilisikilizwa Hamburg kuanzia tarehe 17 mpaka 20 Oktoba 1945, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza ambamo maafisa wa Kigiriki nao walikaa kama waamuzi. Watu watano walipanda kizimbani: Eck, Hoffmann, Weisspfennig, Lenz na Schwender. Eck hakujificha nyuma ya mtu. Hakudai kwamba Dönitz alimwagiza, bali alisema uamuzi ulikuwa wake. Utetezi wake ulikuwa kwamba hakukusudia kuua watu, alikusudia kuharibu mabaki ili kuokoa chombo na mabaharia wake. Alikumbusha pia kisa cha meli Laconia. Septemba 1942 nyambizi U-156, chini ya nahodha Werner Hartenstein, iliizamisha Laconia ikagundua imejaa mateka wa Kiitaliano pamoja na raia. Hartenstein akaanza kuwaokoa, akatandaza bendera ya msalaba mwekundu, na ndege ya Kimarekani ikaja ikampiga hivyohivyo. Baada ya hapo Dönitz alipiga marufuku nyambizi zake kuokoa watu.

Hoja hii si ya kupuuza. Nahodha ana wajibu kwa watu wake, na hofu ya Eck ilikuwa ya kweli. Lakini tuipime. Kutookoa ni jambo moja, kurudi na kuua ni jambo jingine. Amri ya Dönitz iliagiza la kwanza, haikuagiza la pili. Tena upande wa mashtaka ulionyesha kwamba utetezi ule haukusimama hata kwa hesabu za kivita. Meli iliyozama huacha mafuta juu ya maji, na mafuta hayapigwi risasi yakafa. Na mtu anayeogopa ndege hakai mahali pamoja saa tano. Kwa saa hizo, akienda mwendo wa maili 15 tu kwa saa, angekuwa maili 75 mbali na pale, na usiku haujakwisha. Schnee mwenyewe, aliyeitwa na upande wa utetezi, alipobanwa aeleze angefanya nini, hakuweza kumtetea mwenzake. Alisema inaelekea Eck alipotewa na ujasiri.

Hoffmann, Weisspfennig na Schwender walijitetea kwa amri: tuliambiwa, tukafanya. Jibu lilikuwepo tayari, tena lilitolewa na Wajerumani wenyewe. Juni 1918 nyambizi U-86 iliizamisha meli ya hospitali, Llandovery Castle, kisha ikafyatulia mashua za walionusurika. Mwaka 1921 mahakama kuu ya Ujerumani, huko Leipzig, iliwatia hatiani maafisa wawili wa nyambizi ile. Ilisema kwamba kuua watu wasio na kinga katika mashua za kuokolea ni uovu ambao hata mtu asiye msomi wa sheria anaujua, kwa hiyo amri haiwezi kuwa kinga. Eck, Hoffmann na daktari Weisspfennig walihukumiwa kifo, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz alipewa kifungo cha maisha na Schwender miaka 15, ingawa wote wawili waliachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika vita vile vyote, Eck ndiye nahodha pekee wa nyambizi ya Kijerumani aliyeuawa kwa hukumu ya uhalifu wa kivita.

Sasa najua wapo wasikilizaji wanaouliza: na washindi je? Swali ni la haki, nami sitalikwepa. Julai 1941 nyambizi ya Kiingereza Torbay iliwapiga risasi askari wa Kijerumani waliokuwa majini karibu na Krete. Januari 1943 nyambizi ya Kimarekani Wahoo ilizifyatulia mashua za meli ya Kijapani, na kati ya waliokuwemo walikuwepo mateka wengi wa Kihindi, watu wa upande wa Wamarekani wenyewe. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Manahodha wote wawili walipewa nishani.

Na lipo la kwetu. Mwanzoni mwa Februari 1944, mwezi mmoja kabla ya Peleus, meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikielekea Colombo na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika ya Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika zisizofika mbili. Kisha nyambizi ile ikajificha chini ya waogeleaji. Manowari ya Kiingereza Petard ikaamua kuifuata palepale na kutupa mabomu ya majini, na katika waliouawa na mabomu hayo walikuwemo watu wetu waliokuwa wakingoja kuokolewa. Jumla ya waliokufa ni 1,297. Askari wa Afrika ya Mashariki waliopotea na meli ile wanakumbukwa katika mnara wa makaburi ya vita Nairobi.

Je, Petard na U-852 ni mamoja? Mimi nasema si mamoja. Petard ilikuwa ikipigana na adui aliye hai, mwenye topido, anayeweza kuzamisha meli nyingine za msafara ule zilizojaa watu. Vyelezo vya Peleus havikuwa na nguvu ya kumdhuru mtu yeyote. Lakini Torbay na Wahoo hazina udhuru wa namna hiyo, na kimya kilichofunika vitendo vyao ni doa katika haki ya washindi. Doa hilo halimsafishi Eck. Mwizi mmoja akishikwa na wengine wakakimbia, wizi wake unabaki wizi. Lililokosekana ni kuwashika wale wengine.

Mwaka 1949 mataifa yalikutana Geneva, yakaandika mkataba mzima kwa ajili ya majeruhi, wagonjwa na waliovunjikiwa na vyombo baharini. Unasema walindwe na watendewe utu katika hali zote, na unaagiza kwamba baada ya kila pambano watafutwe waokolewe. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba huo, kama zilivyo karibu nchi zote za dunia.

Kwa hiyo namalizia kwa neno kwa vijana wetu wanaoingia jeshini, majini na nchi kavu. Mtafundishwa kutii, na utii ni nguzo ya jeshi, sina ubishi na hilo. Lakini amri ya kumpiga risasi mtu aliyekwisha shindwa, asiye na silaha, anayeomba kuokolewa, si amri ya kutiiwa. Ikataeni mapema, kabla bunduki haijapandishwa sitahani, na mkishaikataa msirudi nyuma kama Lenz. Atakayeitii, siku ya hukumu jina litakalosomwa mahakamani ni lake, hata kama aliyeamuru ni mkubwa wake.